Nahodha Aliyenuka Mkate

Mwanangu, mengi nimeyasahau. Siku nyingine namwita mke wangu kwa jina la dada yangu, naye ananijibu kwa hasira inayostahili. Lakini ile Jumamosi niliyosimama juu ya meli pale bandari ya Juba, nimevaa kofia ya nahodha, watu wa kanisa letu wakiniimbia kutoka ukingoni, na mimi sijui hata choo cha meli hiyo kiko upande gani, hiyo naikumbuka kana kwamba imetokea leo asubuhi. Jua lilikuwa linachoma. Baba yangu alikuwa analia kwa furaha. Mimi pia nilikuwa nalia, ila si kwa furaha.

Kaa vizuri nikueleze ilivyofika hapo, maana sikufika kwa siku moja.

Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda miaka michache tu kabla. Vita ilipotulia watu walirudi kwa malori, vitanda vimefungwa juu na kuku wamefungwa chini, nasi tukajenga nyumba ya udongo mtaa wa Juba Na Bari, hatua chache kutoka mtoni. Nilikuwa na miaka ishirini. Kiswahili nilikipata Uganda, Kiarabu cha Juba nikakiokota nyumbani, na ndiyo maana mpaka leo nikikasirika lugha zote mbili zinagombania mdomo wangu.

Baba yangu, Pitia, alitengeneza baiskeli Sherikat, ng'ambo ya daraja. Mikono yake ilikuwa na akili, mwanangu. Ungempelekea gurudumu lililopindika mpaka halifanani na gurudumu, angelizungusha mbele ya jicho moja, akaze waya mmoja hapa, alegeze mwingine pale, na huku anapiga mbinja. Likitoka mikononi mwake limenyooka. Watu walivuka daraja kumfuata yeye, wakaacha mafundi wengine njiani. Lakini ukimsifu tu, mbinja ilikatika na uso ukakunjamana.

“Hii si kazi yangu,” alisema. “Mimi nilikuwa niwe nahodha.”

Habari ya unahodha ilitoka kwa babu yangu, marehemu Jada. Baba alipokuwa mtoto mdogo, babu alimbeba mabegani wakaenda bandarini kila meli iliyotoka kaskazini ilipofika. Babu alisimama pale mpaka abiria wa mwisho ameshuka, kisha akasema, “Laiti ningekuwa nahodha.” Kila meli. Kila mara maneno yaleyale. Babu hakuwa nahodha wa chochote. Alilima mtama na akafia ukimbizini Uganda. Baba akaibeba ile hamu kama urithi. Alitaka yeye awe nahodha badala ya baba yake, vita ikamzuia. Basi nikabaki mimi.

Sijui kama unaelewa maana ya kubaki wewe. Baba alinunua kofia ya nahodha soko la Arua nikiwa bado nina meno ya utoto. Kweli yenyewe, ilikuwa kofia ya bendi ya shule, na mbele ilikuwa na tarumbeta ndogo ya shaba, lakini baba alisema ile ni honi ya meli, na katika nyumba yetu hakuna aliyethubutu kusema vingine. Nikivaa, ilinishuka mpaka puani. Tukitembea njiani alinifundisha kazi: “Kushoto kidogo! Mchanga mbele! Punguza mwendo!” Watu walitupisha wakidhani baba ananiongoza kwa sababu sioni, na kwa kofia ile kweli nilikuwa sioni.

Na mimi, mwanangu, niliogopa maji. Na si kuogopa kidogo. Hata kuoga mtoni nilioga nimeshika mzizi.

Mtu mmoja tu nyumbani hakushangilia habari hizi: bibi yangu Kiden, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Haboba, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, hana meno ila mawili yasiyokutana. Baba akianza kuhubiri unahodha, Haboba alipumua kwa pua, pfff, akaendelea kuchambua mboga. Hakuna aliyewahi kumuuliza anapumulia nini.

Basi baba akanipeleka bandarini niombe kazi. Karani aliyekuwa pale alinitazama, akatazama kofia, akaniuliza kama najua kuogelea. Baba akajibu kabla yangu, “Kama samaki!” Karani akasema nirudi Jumatatu. Jumatatu nikarudi peke yangu, karani akaniambia hakuna nafasi, na hata ingekuwepo wanahitaji watu wa sitaha, si watu wa tarumbeta.

Nilitoka pale nimefurahi kama mfungwa aliyefunguliwa. Kisha nikamkumbuka baba. Nikazunguka sokoni nikitafuta maneno ya kumwambia, na badala ya maneno nikapata harufu. Karibu na soko kulikuwa na tanuri la mkate la mzee mmoja tuliyemwita Usta, yaani fundi mkuu. Siku hiyo alikuwa ameungua mkono, anawatukana watu wote kwa Kiarabu cha kila namna, na unga wake umelala kwenye beseni unamsubiri. Nikamwambia, “Usta, naweza kukanda.” Sikuwahi kukanda chochote maishani. Lakini nilipozamisha mikono katika ule unga, mwanangu, mikono ilitulia. Sina namna nyingine ya kukueleza. Nilikanda mpaka jasho likadondoka, na Usta akaacha kutukana.

Jioni baba alinisubiri mlangoni.

“Umepata kazi?”

“Nimepata, baba.”

“Bandarini?”

“Karibu na bandari.”

Neno “karibu na” hakulisikia. Alikuwa ameshaanza kupiga magoti.

Ningeweza kumsahihisha palepale. Ingenigharimu maneno matano na kelele za usiku mmoja. Nikajiambia, nitamwambia kesho. Nilijiambia hivyo kwa miezi minane.

Kila siku nilirudi nyumbani na unga kwenye nywele, unga masikioni, unga kwenye kope. Siku ya kwanza baba aliuliza, nikasema leo meli ilikuwa inapakua unga. Siku ya pili nikasema bado unapakuliwa. Mwezi wa tatu baba alikuwa anawaambia wateja wake Sherikat kwamba Kusini yote inakula unga unaopita mikononi mwa mwanawe. Kanisani aliomba niombewe kwa jina: Kaptan Lado. Mchungaji akaniombea nisikutane na dhoruba wala mchanga wa chini ya maji, nami nikaitikia amina kwa sauti ndogo, maana hatari yangu kubwa ilikuwa jivu.

Haboba nilimletea kila jioni mkate laini, kwa ajili ya ufizi wake. Jioni moja alikata kipande, akakinusa, akanitazama.

“Na hii nayo mlipakua?”

“Ndiyo, Haboba.”

“Ikiwa na moto hivi?”

Nikajifuta unga masikioni. Akala, akasema polepole, “Mjukuu wangu, sema na baba yako. Kama wewe hapana sema, siku moja meli itasema.” Nilicheka. Huo ndio ujinga wangu wa ujana, mwanangu. Mzee mwenye meno mawili alinionya mkate ukiwa mkononi, nikacheka.

Baba alikuwa ameanza kuuliza kila siku, “Utasafiri lini?” Kwanza nilisema niko kwenye mafunzo ya nchi kavu. Kisha nikasema meli inatengenezwa. Mwishowe, jioni moja alipouliza mbele ya wageni, nikachoka, nikasema, “Jumamosi.” Nilitaja siku tu, kama mtu anayetupa jiwe gizani.

Jumamosi kweli kulikuwa na meli ya kwenda kaskazini. Sikujua. Baba alijua, alikuwa na ratiba ya meli zote kichwani. Akaalika nusu ya Juba Na Bari.

Nikapanga mpango. Nitakata tiketi ya daraja la chini, nipande, nijionyeshe kwa watu pale juu, nipunge mkono, kisha nishuke upande wa pili kupitia tishari la mizigo lililofungwa ubavuni, nijifiche kwa Usta. Baada ya hapo? Sikuwa nimefika baada ya hapo. Ujanani hatupangi baada ya hapo.

Asubuhi hiyo walikuja na ngoma na kwaya. Mama alinikabidhi kuku mzima, yuko hai, miguu imefungwa. Baba alinivalisha kofia mwenyewe, na safari hii ilinitosha, akanishika mabega akasema, “Baba yangu anakuona.” Nikapanda ngazi za meli. Nikafika karibu na chumba cha usukani, nikasimama kwa heshima, baharia mmoja akaniambia niondoe kuku wangu pale. Nikasogea hatua mbili, nikapunga mkono. Wimbo ukapanda. Baba akalia.

Nikateremka mbio upande wa pili. Nikaruka magunia, nikakanyaga mbuzi, nikafika kwenye tishari, na pale palipokuwa na ubao wa kushukia palikuwa na maji. Maji ya rangi ya chai, yanapanuka. Meli ilikuwa imeondoka. Huko nyuma niliona moshi wa tanuri la Usta ukipungua, ukipungua, mpaka ukawa kama uzi.

Nikakaa juu ya gunia nikashika kichwa. Ndipo nikasikia nyuma yangu, pfff.

Nikageuka. Haboba Kiden alikuwa amekaa katikati ya magunia ya ngozi, na furushi lake mapajani, na mwavuli.

“Haboba! Unafanya nini hapa?”

“Mimi iko kwenda Malakal,” alisema, kama mtu anayesema anakwenda kisimani. “Usikalie unga wa watu.”

“Lakini Haboba, mimi si nahodha! Mimi nakanda mkate!”

“Najua. Meli kwenda tu, hata wewe kama si nahodha.”

Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira za kila mtu duniani, lakini si kwa utulivu ule. Nikamuuliza Malakal anakwenda kufanya nini. Akafungua mwavuli kwanza, akatuweka kivulini sote watatu, yeye, mimi na kuku, halafu akanieleza jambo ambalo baba yangu hakuwa akilijua kwa miaka yote ya maisha yake.

Babu alikuwa na mdogo wake, Loku. Alipanda meli akiwa kijana kwenda kukata kuni za mitambo, maana wakati huo meli zilikula kuni. Alisema atarudi kwa meli inayofuata. Hakurudi. Hapo ndipo babu alipoanza kwenda bandarini. Hakwenda kutazama meli. Alitazama nyuso za watu wanaoshuka. Na alipoona mdogo wake hayumo, alisema, “Laiti ningekuwa nahodha,” kwa sababu nahodha anasimamisha meli popote anapotaka, anaweza kuuliza kila kituo: mmemwona Loku?

“Yeye hapana penda meli hata kidogo,” Haboba alisema. “Ile honi ilimtia kichwa kuuma. Alitaka ndugu yake tu.”

“Na baba?”

“Baba yako alikuwa juu ya mabega, mtoto mdogo. Alisikia neno moja, nahodha. Akashika hilo.”

“Kwa nini hukumwambia, Haboba?”

Akanitazama kama vile mimi ndiye mjinga wa mwisho aliyebaki. “Aliniuliza lini? Wanaume wa nyumba hii wanatangaza tu. Hakuna anayeuliza.”

Yeye mwenyewe alikuwa ameahidi kaburini kwa babu kwamba akirudi nyumbani atamtafuta Loku. Mara ya mwisho mtu kumwona ilikuwa Malakal. Alisubiri tu siku atakapopata mtu wa nyumbani wa kusafiri naye, na aliponiona napanda, akapanda.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mongalla. Pale ningeweza kushuka na kutafuta lori la kunirudisha. Nilisimama kabisa, nikashika kuku. Haboba hakunizuia. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mwavuli umemwangukia usoni. Nikamwinulia mwavuli. Ubao ukavutwa tena, na mara hii nilikuwa nautazama unavyovutwa.

Safari ilichukua siku nyingi. Siku mbili za kwanza nililala katikati ya tishari, mbali na kila ukingo, nimejifunga mguu kwa kamba ya gunia. Siku ya tatu njaa ikanishinda woga, nikaenda jikoni. Mpishi wa meli alikuwa anatoa mkate ambao ungeweza kujengea daraja. Nikamwomba anipe beseni. Kesho yake abiria walikuwa wanagombea mkate, na nahodha akatuma mtu kuuliza nani ameuoka.

Nahodha alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye kanzu iliyotiwa doa la chai. Nikampelekea mkate, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamweleza habari yote ya baba na ya kofia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanivuta mbele ya usukani.

“Shika. Dakika moja. Ukirudi umwambie umeshika.”

Nikashika. Baba yangu alikuwa amenifundisha tangu utotoni, sivyo? Nikaona kitu mbele, nikasikia sauti yake kichwani: kushoto kidogo! Nikapeleka kushoto. Meli, na matishari yake yote, na mbuzi, na ngozi, na Haboba, ikaingia taratibu kwenye mafunjo kama ng'ombe anayeingia shambani, ikakaa humo siku nzima. Mabaharia walikuwa wanasukuma kwa miti na kunitaja kwa majina ambayo sitakutajia. Nahodha aliniondoa mikono kwenye usukani, kidole kimoja kimoja.

“Mwanangu,” alisema, “rudi kwenye unga.”

Hayo ndiyo maneno ya busara kuliko yote niliyoambiwa ujanani, na aliyeyasema alikuwa amekasirika sana.

Tukafika Malakal mchana. Haboba alikuwa amejiandaa kwa kazi ya wiki nzima: tungeuliza sokoni, makanisani, kwa machifu, hata makaburini. Alinifundisha alama: Loku ana kovu kwenye nyusi, anaongea akiinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Tukashuka. Abiria walikuwa wanasukumana, na pale penye kamba za kufungia meli alikuwa amesimama mzee mwembamba, mrefu, akimshika mkono kila anayeshuka na kumuuliza jambo. Wengi walimpita. Akanishika mimi.

“Kuna mtu wa Juba Na Bari humu?” aliuliza kwa Kiarabu.

Nikasema, “Mimi, mzee.”

Akainamisha kichwa.

Sikumtazama yeye. Nilimtazama Haboba. Alikuwa amesimama nyuma yangu, furushi limemshuka mkononi. Mzee alimwona. Wakatazamana, watu wakiwapita na vitanda na kuku. Halafu yule mzee akasema kwa Kibari, kwa sauti ya mtu aliyeonewa:

“Mmechelewa.”

“Sisi tumechelewa?” Haboba akapata sauti yake. “Sisi? Wewe ulisema meli inayofuata!”

Wakaanza kugombana palepale, mwanangu, wanalia na kugombana, mpaka askari wa bandari akaja kuuliza kuna nini. Nilimpa kipande cha mkate.

Tukakaa kwa Loku, katika chumba chake kimoja; alikuwa amefiwa na mke, hana watoto. Haboba akamwambia kwamba kaka yake amekufa. Loku aliiacha chai ikapoa. Kisha akamuuliza kaka yake alimsubiri kiasi gani, Haboba akamwambia: kila meli. Yeye naye akasema: kila meli. Ndugu wawili, mwanangu, mmoja huku na mmoja kule, mto mmoja, meli zilezile, kila mmoja anatafuta uso wa mwenzake kati ya wanaoshuka, na hakuna aliyepanda.

“Kwa nini hukurudi?” nilimuuliza. Haboba alinikazia macho kwa furaha. Hatimaye mwanamume wa nyumba hii alikuwa ameuliza.

Loku akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na koti la sufi, limekunjwa vizuri, limeliwa na nondo mpaka unaona ukuta kupitia mgongoni. Alipoondoka Juba alichukua koti la kaka yake bila kuomba. Ndilo koti pekee babu alilokuwa nalo. Likaibiwa hapohapo bandarini Malakal, wiki ya kwanza. Akaapa hatarudi mikono mitupu. Alipopata jingine, ndilo hili, miaka ilikuwa imepita, akaona aibu ya miaka. Alipoimeza aibu ya miaka, vita ikafunga mto.

Haboba alilishika lile koti akaligeuza huku na huku.

“Lile la zamani mimi nililinunua,” alisema. “Lilimbana kwapani. Lilipopotea alifurahi. Hapana sema neno moja juu ya koti mpaka kufa kwake. Alikuwa anasema Loku, Loku, Loku tu.”

Mzee Loku aliangua kicheko, na kile kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Nikatoka nje kuwapa nafasi.

Tulirudi naye Juba. Njia nzima nilioka mkate jikoni, na nahodha aliamuru nisisogee usukani. Tulipokaribia, nikawaona: baba amesimama mbele ya watu, anatazama juu, kwenye chumba cha usukani, ananitafuta huko. Mimi nikatokea chini, mlango wa jiko, unga mpaka kwenye nyusi, nimemshika mkono mzee mmoja mrefu. Wimbo ukafa taratibu, sauti moja baada ya nyingine.

“Meli umeileta wewe?” baba aliuliza.

“Hapana, baba. Nilishika usukani dakika moja, tukakwama siku nzima. Mimi naoka mkate. Nimekuwa nikioka tangu Jumatatu ile. Nilikudanganya.”

Baba aligeuka akaitazama kwaya, kisha mimi.

“Miezi minane,” alisema. “Miezi minane kanisa zima linamwomba Mungu amlinde nahodha, na Mungu anatazama chini, hamwoni!”

Akanigeuzia mgongo, na alikuwa na haki. Hapo ndipo Loku akapita mbele yake, akainamisha kichwa. Baba akasimama. Hakuwa amemwona yule mtu tangu utotoni, lakini aliijua ile shingo. Ilikuwa ya baba yake. Haboba akamweleza yote palepale, mbele ya kwaya, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa amesubiri kuulizwa miaka mingi na hakutaka kusubiri tena.

Kwa wiki nzima baba hakusema nami. Alikwenda Sherikat, akarudi, akakaa na baba yake mdogo uani bila maneno mengi. Siku ya nane akaniita.

“Baba yangu alimtaka ndugu yake,” alisema. “Wewe ulitaka unga. Na mimi je, Lado? Mimi nilitaka nini?”

Nilimwambia kitu kimoja tu nilichokijua: “Baba, wewe ukinyoosha gurudumu unapiga mbinja.”

Nikamwona anahesabu miaka moyoni, miaka ambayo kila asubuhi alikwenda kwenye kazi anayoipenda akiionea aibu. Uso wake ulikuwa mzee ghafla, na sikuona cha kuchekesha. Kisha akainuka akaenda kuvuka daraja, na jioni nilipompitia Sherikat, mteja mmoja alikuwa anamsifu. Baba hakukunja uso. Alisema, “Ndiyo. Hii ndiyo kazi yangu.” Kesho yake alikuja kwa Usta, akasimama akanitazama nikikanda, akaonja, akasema chumvi imezidi. Tangu siku hiyo hatukuwahi kudanganyana.

Mwanangu, sikukuita hapa ucheke tu, ingawa nimekuona unacheka. Najua kuna mtu kwenu amekuandalia maisha. Mama yako anataka uwe daktari, au mjomba wako anataka urudi kule walikotoka ukajenge nyumba aliyoshindwa kuijenga yeye. Usiitupe hamu yao mara moja, na wala usiibebe kimya kimya. Kaa nao, uwaulize ilianzia wapi. Sisi wazee hatujui kusema tumemkosa nani. Tunasema tu, nakutaka uwe hivi. Ukiuliza vizuri, huenda ukakuta wanachokitaka hakina uhusiano wowote na kazi, na pengine unaweza kuwapa wiki hii wakiwa bado hai kukipokea. Babu yangu hakukipokea. Hilo mpaka leo linanichoma.

Na hamu yako wewe, iseme mapema. Iseme ikiwa bado ni maneno matano. Atakasirika, ndiyo. Hasira ya mzazi nimeionja, inapita. Miaka ya mtu anayeishi ndani ya hamu isiyo yake, hiyo hairudi kwa meli yoyote.

Basi Mungu akutangulie uendako. Akupe kazi ambayo mikono yako itatulia ndani yake, akuongezee siku za wazee wako mpaka umalize maswali yote, na watoto utakaowapata wasiwe na sababu ya kukuogopa. Uwe na amani, wewe na nyumba yako yote. Amina.